Mbwa Waliokataa Kukua

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, Nasike aliishi na mbwa wanne ndani ya chumba kimoja pale Lindi, Kibera, na mtu asimwambie kitu kuhusu subira. Subira aliimaliza mwezi wa nane. Kuanzia hapo alikuwa anaishi kwa hasira tu, na hasira yenyewe ilikuwa inanuka mbwa.

Ungeuliza mbwa ni wa nani, ungeambiwa ni wa mumewe, Wesonga. Sawa, lakini Wesonga alikuwa mwenye mbwa kwa mdomo. Jioni alivaa koti lake refu, akashika rungu, akaenda zake Kawangware kulinda yadi ya mbao ya Bwana Ng'ang'a. Asubuhi alirudi, akala, akajifunika blanketi mpaka kichwani. Aliyesonga ugali wa mbwa ni Nasike. Aliyezoa mavi ya mbwa ni Nasike. Aliyekanyaga mkojo wa mbwa akitafuta kiberiti asubuhi ni huyo huyo Nasike.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa tano wezi waliruka ukuta wa yadi wakabeba mbao za watu. Ng'ang'a akamwambia Wesonga kwamba mlinzi bila mbwa ni koti lililotundikwa. Alete mbwa wakali kabla ya Krismasi, la sivyo atatafutwa mlinzi aliye nao. Wesonga alikuwa na binamu yake, Isaac, aliyetunza bustani kwa mzungu mmoja Lavington. Mzungu huyo alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, na watoto wa mbwa walikuwa wanagawiwa bure. Wesonga alipofika alikuta jibwa limelala langoni, masikio yamesimama, kifua kama gunia la makaa. Kando yake kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi watoto wanne weupe. Hakuuliza kitu. Atauliza nini, na mama mtu anamwona kwa macho yake? Akabeba wote wanne.

Hapo ndipo Nasike alipopoteza meza yake, au tuseme alipoiweka rehani. Alikuwa muuza mboga kwenye njia ya kuelekea reli, na kwa miaka sita meza ile ndiyo iliyomfanya awe mtu. Mrenda wake ulijulikana. Watu walitoka mtaa wa Raila, wakapita wauza mboga watatu, wakaja kwake. Bintiye, Nekesa, aliyekuwa kwa nyanyake Kimilili, alivaa yunifomu ya shule iliyotoka kwenye meza ile. Lakini Wesonga alisema mbwa wa kulinda hafugwi ovyo, na hilo Nasike alilikubali, maana hata kwao ndivyo wazee walivyofanya. Mbwa wa kulinda anafungiwa tangu akiwa mdogo. Asione watu, asizoee sauti ya yeyote isipokuwa anayempa chakula. Akikua hivyo, kila mgeni anakuwa adui yake.

Kule Kimilili kuna nafasi, mbwa anafungiwa nyuma ya boma. Lindi, nyuma ya nyumba yako ni nyumba ya mtu mwingine. Kwa hiyo chumba chao kikawa ndicho kibanda cha mbwa. Dirisha likafunikwa gunia, mlango ukafungwa, na Nasike akafungiwa pamoja nao kama aliyekosa.

"Ni mpaka Krismasi tu, mama Nekesa," Wesonga alimwambia. "Zikikua nazipeleka yadi, wewe unarudi kwa mboga zako."

Nasike alienda mwenyewe kwa Mzee Opondo, mwenyekiti wa wauzaji wa njia ile, akamwomba amwekee nafasi. Opondo alikubali mpaka Krismasi, na akasema wazi kwamba siku ya pili yake nafasi itakuwa ya mwingine, maana wanaoitaka ni wengi. Rafiki yake Syokau, muuza nyanya wa meza ya pili, akaweka kreti yake pale ili watu waone pana mwenyewe.

Basi wakaanza kulea. Wesonga aliwapa majina ya kutisha: Simba, Chui, Komando na Bomu. Kila Jumapili baada ya kanisa aliwasimamisha mmoja mmoja kwenye fremu ya mlango, akachora mstari kwa msumari kuonyesha mgongo umefika wapi. Mwezi wa sita mistari ilipanda. Mwezi wa saba ilipanda kidogo. Mwezi wa nane, mstari mpya uliingia juu ya ule wa zamani, na Jumapili iliyofuata hivyo hivyo, mpaka mbao ikachimbika mahali pamoja. Wakati huo Bomu alikuwa anatosha kwenye sufuria ya ugali, na Nasike anajua kwa sababu alimkuta humo.

Wesonga akasema ni chakula. Nasike akaanza kununua mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, akaichemsha mpaka ikalainika. Majirani wakamwuliza kama amefungua hoteli. Manyoya yao yalikuwa marefu, yanashika kila uchafu, na usipoyachana yanajifunga mafundo. Nasike, ambaye nywele zake mwenyewe zilikuwa na wiki tatu bila kuguswa, alikaa kwenye stuli akichana mbwa kwa kitana. Sasa niambie, huo ni ulinzi wa aina gani?

Kisha Wesonga akaja na nyigu. Alikuwa ameagiza kutoka nyumbani, wamechomwa wakawa unga, wamefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Kwao ukimlisha mbwa unga wa nyigu anakuwa mkali. Aliwalisha mwenyewe, kwa mkono wake, mara hiyo moja tu. Mbwa walihara siku mbili, na nje mvua ilikuwa inanyesha kama iliyotumwa, kwa hiyo hakuna kilichoweza kufuliwa wala kuanikwa. Wesonga yeye alikuwa kazini. Tangu siku hiyo, akiingia tu, wote wanne walikimbilia chini ya leso aliyojifunga Nasike kiunoni na kumtazama kutoka humo. Walikuwa wamejifunza kuchukia mtu kweli, ila mtu mwenyewe ndiye aliyewaleta.

Mwishoni mwa Novemba Isaac alikuja kuwasalimu. Nasike alimfungulia mlango, mbwa wakapiga kelele za kutoboa masikio, na Isaac akasimama pale mlangoni akicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, kumbe bado mnazo. Zimefanana na mama yao kabisa."

Wesonga aliamka kitandani. Akasema mama yao anamjua, alimwona langoni, ni jibwa kubwa kama ndama.

"Ile ya gate? Ile ni dume, ndugu yangu. Ni ya soja wa mchana. Mama yao alikuwa ndani, analala kwa kochi. Hapo ndio amefika, hakui zaidi."

"Mbwa inalala kwa kochi?" Wesonga aliuliza, na alikuwa anauliza kwa dhati.

Nasike aliona angalau mumewe alikuwa na sababu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona mbwa akilala ndani ya nyumba ya mtu, kwa hiyo mbwa aliyekuwa nje ndiye mbwa, na mbwa aliyekuwa kwenye kochi hakumtafuta kwa kuwa hakujua kuna kitu kama hicho. Lakini sababu haiuzi mboga. Miezi sita Nasike alikuwa amefungiwa gizani akilea vitu vilivyokuwa vimeshamaliza kukua.

Alifikiri sasa Wesonga ataenda kwa Ng'ang'a aseme ukweli. Wapi! Wesonga alisema Ng'ang'a ameshawajengea mbwa nyumba, amenunua hata mnyororo, na mwanamume hawezi kwenda kusimama mbele ya mnyororo ule na wanyama hawa. Akasema wangoje mwaka mpya. Akasema Isaac ni mtu wa maua, hajui mbwa, na kuna mbwa huchelewa kukua kama vile watoto wengine huchelewa kutembea. Nasike alimwambia kwamba mwaka mpya hakuna meza. Akajibiwa kwamba meza ni mbao tu, na mbao zimejaa yadi. Kwa wiki mbili Nasike alisonga ugali wa mbwa akilitafuna jibu hilo.

Katikati ya Desemba Syokau akabisha hodi. Alisimama nje kwenye matope, kwa sababu mbwa hawakumruhusu kuingia, akamwambia kwamba Mzee Opondo ameonekana akipima nafasi yake kwa hatua, na mama mmoja anayeuza dagaa wa omena amesimama kando anahesabu. Kreti imesogezwa mara mbili. Kama kuna la kufanya, afanye sasa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ambayo Ng'ang'a hufika yadi mapema. Nasike hakungoja Wesonga arudi. Alisonga ugali, akautia kwenye kopo, akawapanga mbwa wanne kwenye kikapu chake cha mboga, akajifunga leso, akafungua mlango. Alitembea kwa miguu mpaka Kawangware, matope hadi kwenye vifundo, kikapu kinabweka njia nzima. Watoto walimfuata, wakaishia njiani, wengine wakachukua zamu.

Ng'ang'a alikuwa amesimama yadini na mkewe, Mama Nyokabi, wakimsikiliza Wesonga akieleza jinsi mbwa wanavyoendelea vizuri. Nyuma yao ilisimama nyumba ya mbwa, ya mbao mpya, mlango wake unafika kifuani mwa mtu mzima, na mnyororo wa kufungia ng'ombe umetundikwa pembeni. Nasike aliweka kikapu chini.

"Mbwa zako ndio hizi," alimwambia Ng'ang'a. "Zimemaliza kukua."

Simba akatoa kichwa. Ng'ang'a alimtazama Simba, akatazama mnyororo, akamtazama Wesonga.

"Hizi zitalinda nini? Mayai?"

Wesonga alikuwa anatazama viatu vyake. Nasike aliona aibu kwa ajili yake, na papo hapo akakasirika kwamba hata aibu ni yeye anaibeba. Ng'ang'a alianza kusema kwamba mwisho wa mwezi watu waagane kwa amani. Hakumaliza, kwa sababu mkewe alikuwa ameshachuchumaa kwenye kikapu. Mama Nyokabi alisema amewaona mbwa kama hawa kwenye televisheni, ni kama pamba, na nyumba yao ya Riruta imekuwa kimya tangu watoto wakue wakahama. Akanyoosha mkono. Komando akamng'ata kidole, kisha wote wanne wakaruka nje, wakajificha chini ya leso ya Nasike wakibweka dunia nzima. Hawakuwa wamezoea mtu mwingine. Ufugaji wa Wesonga ulikuwa umefaulu, shida ni mbwa tu.

Mama Nyokabi alifyonza kidole chake, wala hakukata tamaa. Akapanga mambo pale pale. Mbwa waende Riruta leo hii. Nasike awe anakuja kila siku kuwalisha, kuwaosha na kuwachana, maana bila yeye hawali, na atalipwa. Ng'ang'a, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na mkewe mbele za watu, akasema basi, kwa kuwa familia imeleta mbwa walivyoahidi, Wesonga abaki kazini.

Uso wa Wesonga ukafunguka. "Ataanza Jumatatu," alisema.

Hakuna aliyemwuliza Nasike. Walikuwa wamempanga kama mbao. Alikumbuka Isaac akisema kwamba mbwa wa aina hii, wakitunzwa, wanafikisha miaka kumi na tano. Kumi na tano! Alimwona yule mama wa omena akipanga mafungu kwenye nafasi yake, akajiona yeye na kitana, Riruta, mpaka Nekesa aolewe. Aliinama awasukume mbwa pembeni aondoke, na ndipo alipoona kwamba hawakuwa wanamtazama yeye. Pua zao zote nne zilikuwa zimezama kwenye pindo la leso, ile ile ambayo tangu mwezi wa nane alipangusia mikono yenye harufu ya mgongo wazi, na ambayo mvua ilikuwa imekataza kufuliwa.

Akaifungua. Chini yake alikuwa na sketi, hakuna aliyeaibika. Alimwendea Wesonga, akamzungushia leso kiunoni, juu ya koti la ulinzi, akakaza fundo. Akampa kopo la ugali.

"Wape."

Wesonga alitazama huku na huku, akachuchumaa. Mbwa walisimama mbali. Bomu alikuja kwanza, akanusa pindo, akafikiri, akaanza kula. Wengine wakafuata, wakajibana kwenye leso na migongo yao ikimgusa Wesonga miguu, yeye waliyemkimbia tangu siku ya nyigu. Ng'ang'a alijifanya anakohoa.

"Yeye ndiye ataanza Jumatatu," Nasike alimwambia Mama Nyokabi. "Asubuhi akitoka zamu ni karibu, anapitia Riruta. Mimi niko na kazi yangu." Kisha akamgeukia mumewe. "Na usiioshe."

Alichukua kikapu chake, kikiwa kitupu na chepesi, akarudi Lindi. Syokau alipomwona akishuka njia ya reli aliondoa kreti bila kuuliza swali. Mzee Opondo alikuwa amekaa karibu, akatazama kalenda aliyokuwa nayo kichwani, akaona bado siku kumi na mbili, akageuka kuongea na watu wengine.

Wiki ya kwanza ya mwaka mpya Wesonga alipita mezani saa nne asubuhi, manyoya meupe yamejaa kwenye koti, leso imekunjwa ndani ya mfuko watu wasiione. Walinzi wa Riruta walikuwa wameshampa jina la Mama Simba. Alingoja wateja wapungue, akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini ni lini hasa atakuja kumpokea kazi ile, kwa sababu yeye alidhani ni ya muda tu.

Nasike alikuwa anafungia mtu mrenda. Alimaliza kufunga, akapokea pesa yake, akatoa chenji.

"Nitakuja," alisema. "Mbwa zikikua."