Tarbia Mara Nne

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni, lakini ulimi wa Mwalimu Omolo hakuna serikali iliyouweza. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akifundisha ushairi katika shule hiyohiyo ya Kayole. Aliposoma ubeti, hata kikohozi kilisubiri amalize.

Jumanne hiyo alipanda ngazi akiwa na uchovu ambao usingizi hauutoi. Asubuhi alikuwa amemfokea mkewe Kezia kwa neno ambalo siku hizi halimtoki mdomoni: "Baba Whitney, hilo umeniuliza sasa hivi." Alimwambia aache kumzeesha kabla ya wakati. Ukweli ni kwamba aliogopa. Woga alizoea kuwapa wengine. Ulipomjia mwenyewe, hakujua aushike wapi.

Kidato cha nne wakasimama. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki sita.

"Ketini. Leo tunaanza tarbia. Ubeti wa tarbia una mishororo mingapi?"

"Minne, Mwalimu!"

"Na mizani, aghalabu?"

"Kumi na sita! Nane ukwapi, nane utao!"

Alifurahi, kisha kitumbua kikaingia mchanga. Somo jipya wamelijuaje? Na mbona wote wamekodolea madawati macho, kama watu walio matangani?

Akamwendea Kathini, msichana wa dawati la mbele aliyetaka naye awe mwalimu, na ambaye bila alama nzuri ya Kiswahili chuo angekisikia tu.

"Lete daftari."

"Mwalimu, naomba..."

"Lete."

Akafungua. Tarbia, Jumanne iliyopita. Akafunua ukurasa. Tarbia, Alhamisi. Akafunua tena. Tarbia, jana. Maelezo yaleyale, mfano uleule, hati nadhifu ya mtoto anayeandika asichokihitaji. Na chini ya kila somo, kwa wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe: *Vyema. Tuendelee.*

Wiki nzima ya watoto wa watu ilikuwa imekwenda na maji, na yeye ndiye aliyeimwaga.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Willis, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akainuka nusu. "Mwanzo tulidhani ni marudio, Mwalimu. Halafu tukajua si marudio. Lakini, si unajua vile Mukai alifanyiwa?"

Alijua. Muhula uliopita Mukai alimwambia kwa adabu kwamba tarehe ya ubaoni si yenyewe, naye akamsimamisha nje ya darasa siku tano. Mengi yalikuwa yakimtoka siku hizi, lakini hilo lilikuwa limekaa. Alimtazama binti huyo pale nyuma, akaona aibu kubwa.

Akavuta kiti, akaketi. Hawakuwahi kumwona ameketi.

"Mwalimu wenu anasahau," akasema. Alikuwa hajalitamka hata kwa Kezia. "Saa ya chakula nitakwenda kwa mkuu wa shule atafute mtu wa kunisaidia. Kathini, utanikumbusha. Na kuanzia leo, nikirudia, mtaniambia: Mwalimu, hilo tumeshalisoma. Semeni."

"Mwalimu, hilo tumeshalisoma," wakanong'ona.

"Mmekula au mmefunga? Semeni!"

"Mwalimu, hilo tumeshalisoma!"

Willis akacheka, na wengine wakamfuata, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Hata yeye alitabasamu. Akainuka, akafuta ubao taratibu, pembe hadi pembe, huku vumbi la chaki likimwangukia kwenye mkono wa koti. Nje makanga walikuwa wakiita abiria wa mjini. Akachukua chaki mpya, akawageukia.

"Haya. Leo tunaanza tarbia."

Kicheko kikakatika. Kathini akainamia daftari lake. Kisha sauti ndogo ikatoka dawati la nyuma.

"Mwalimu, hilo tumeshalisoma."

"Vyema, Mukai," akasema, na akatamani kwa moyo wake wote waamini kwamba alikuwa akiwajaribu tu.