Santuri ya Mateka

Msusi alikuwa ametafuta habari za marehemu babu yake kwa muda mrefu hata wateja wakawa wanamtania: bidii hiyo angeitia kwenye kutafuta mume, saa hizi angekuwa na wajukuu. Alicheka nao, vidole vikiendelea kusuka. Hakuwaambia kwamba mwenye shida ya jibu ni mama yake, na mama alikuwa anaisha taratibu, akisinzia na kuzinduka mchana kutwa, wakati mwingine asijue yuko upande upi.

Babu alikwenda vitani akamwacha bibi na mimba. Akatekwa, akakaa kambini miaka mingi, na aliporudi hakufungua kinywa tena mpaka anaingia kaburini. Bibi alimpikia, akamfulia, akamzoea. Lakini watu hawana dogo. Walinong'ona kwamba kilichomziba mdomo ni yule mtoto aliyemkuta nyumbani. Mama akakua na maneno hayo, akaolewa nayo, akazaa nayo. Sasa alitaka kitu kimoja tu kabla hajafumba macho: kujua kama kweli yule mzee alikuwa baba yake.

Mwanamama mmoja mtunza kumbukumbu ndiye aliyeipata santuri. Kule kambini, alieleza, wataalamu wa lugha waliwaketisha mateka mbele ya mashine, mmoja mmoja, wasimulie hadithi za kwao.

"Ya babu yako ipo, nitakuwekea kwenye simu," alisema. "Ila usijipe moyo sana, dada. Wameandika kwamba aligoma kusema. Karibu yote ni kimya."

Msusi alitoka pale na rekodi ile kwenye simu. Hata huko aligoma! Alifikiria kuifuta, amwambie mama hakuambulia kitu. Akashindwa.

Chumbani kwa mama, mwanga wa alasiri ulipenya pazia la njano, kila kitu kikaonekana kama kiko chini ya maji. Alijilaza kando yake, akaiweka simu juu ya mto katikati yao.

Kwanza ulisikika mkwaruzo wa santuri, kama mvua ya mbali. Halafu sauti nyororo ya kijana, mdogo hata kwa msusi mwenyewe.

"Mpo?"

Kimya.

"Mpo, jamani?"

Kimya tena, kirefu, na ndani yake mtu anapumua.

"Ndiyo hivyo, mama," msusi alisema, akinyoosha mkono azime. "Alikataa."

Mama akaushika ule mkono. "Hajakataa. Anangoja kuitikiwa. Mama yangu naye alisimulia hadithi hivyo hivyo. Usipomjibu 'tupo', haanzi ng'o. Sasa nani angemwitikia kule, na wale watu hawajui kuitikia?"

Msusi akakiona chumba kile: wageni wanamhimiza kwa mikono aanze, na kijana ametulia kwa adabu zake zote, anangoja. Akaiacha simu iendelee.

Sauti ikarudi, ya chini zaidi, ya mtu anayejisemea.

"Na wewe uliyeko tumboni, mwanangu? Upo?"

Ile mvua ikaendelea kunyesha. Mama alikuwa amefumba macho, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni.

"Nipo, baba," mama akasema. "Haya, anza."