Zulia la Mwanakuu na Kikaango cha Vishimo Saba

Hivi wewe, ushawahi kupigwa picha ukajiona papo hapo mgongoni mwa kamera, mpiga picha hata hajashusha mikono? Mimi nilijiona mwaka wa tisini na tisa, nyumbani kwetu Mji wa Kale, na siku ile nilicheka hadi mdomo wangu ulioenda upande ukakaribia kurudi mahali pake.

Nieleze kwanza nilivyokuwa. Wiki moja baada ya Idi kiharusi kilinishika jikoni, nikaanguka ubavuni mwa seredani ya makaa, mafuta yako motoni. Mungu alinihifadhi, sikuungua ila kidogo kisiginoni. Lakini mkono wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito, neno moja likinichukua muda wa mtu kumenya chungwa. Akili yangu ilikuwa timamu. Na akili ile ilikuwa na jambo moja tu la kusema: nataka kurudi kukaanga vitumbua vyangu. Miaka thelathini na mmoja nilivikaanga kila asubuhi, vya mchele uliolowekwa, tui zito na iliki ya kutwanga mwenyewe, majirani wakija na sahani zao mlangoni.

Basi kila nikianza, "Nataka...", mkaza mwanangu Dama hanipi nafasi.

"Maji, mama?"

Natikisa kichwa.

"Uji? Mto? Choo?"

Nikitahamaki nishanyanyuliwa nimefikishwa chooni, na haja sina. Dama ni mtoto mwema, alitoka kwao Rabai akaja akanipenda kama mamake, ingawa kwenye sukari mkono wake hauna kipimo. Lakini yeye ndiye aliyeniokota pale chini, na tangu siku ile aliapa mimi na moto basi. Kikaango changu chenye vishimo saba akakitundika msumarini, juu kabisa, karibu na dari.

Kila Jumatano alikuja Mwikali kutoka hospitali, msichana mwembamba wa Kikamba mwenye viatu vya raba. Kazi yake ilikuwa kumfundisha mtu aliyeugua kuzirudia shughuli zake, kufunga leso, kushika kijiko, kujimiminia maji. Tulikaa barazani, ndani hajaingia bado, akanipa choroko nizichambue kwa mkono wa kulia, punje moja moja. Wiki ya nne akasema, "Bibi, Jumatano ijayo nitakuja na kamera. Nitapiga picha nyumba nzima, nimpelekee mwalimu wangu Nairobi kwa kompyuta, anisaidie kufikiri. Ni mwanamke mwenzetu, na uso wako sitaupeleka."

Nikakubali kwa kichwa.

Sasa sisi picha tuliijua ya studio. Unavaa, unakaa mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, unashikishwa maua. Kwa hiyo Dama na jirani yetu Mwanakuu, wa mlango wa pili, walifanya kazi siku mbili. Seredani ikaenda uani kwa Mwanakuu. Kigoda, mtungi, ndoo ya kuogea, jamvi langu, vyote nje. Kikaango kikasukumwa mvunguni mwa kitanda. Mlango wa jikoni wakaufunika kwa pazia la waridi. Chini wakatandika zulia la Mwanakuu, jekundu lenye tausi wawili, ambalo hata mumewe hakuruhusiwa kulikanyaga. Mimi nikavishwa bangili sita na kupandishwa kwenye kiti kirefu cha arusi, miguu inaning'inia.

Mwikali alikuwa na miezi miwili tu Mombasa. Aliingia, akatazama, akaamini ndivyo tunavyoishi.

Kamera yenyewe ilikuwa nene kama tofali. Aliimezesha disketi ubavuni, ikanguruma tumboni, kisha kioo kidogo kikawaka na mimi nimo ndani, nimening'inia kama bangili dukani. Hapo ndipo nilipocheka. Dama akaja kutazama, akacheka akajishika ukuta.

"Huyu ni mama au ni bibi arusi?"

"Bibi arusi gani hana meno ya mbele," Mwanakuu akasema. "Ebu sogeeni. Mwikali, mwanangu, sasa zulia lipige peke yake. Hawa tausi wanataka nafasi."

Zulia likapigwa picha tatu. Nami nikasema, "Nataka..."

"Kushuka," akasema Dama, wakanishusha.

Jumatano iliyofuata Mwikali hakuja. Alikuja Jumamosi, saa moja asubuhi, bila kusema kabla, ameshika karatasi.

"Mwalimu amenijibu," akasema. "Anauliza, huyu mama anaishi hotelini? Anapika wapi, anaoga wapi? Na kiti kile nani alikichagua, anataka avunjike na mguu?"

Dama akatazama dari.

"Na zulia?" akauliza Mwanakuu, aliyekuwa mlangoni na sahani yake tupu, kwa mazoea ya vitumbua. "Zulia hakusema kitu?"

"Amesema ni zuri sana."

"Basi ana elimu yake."

Mwikali akalifungua pazia la waridi mwenyewe. Jikoni kulikuwa kama kulivyo: seredani chini sakafuni, jivu, kigoda cha miguu mitatu, mbuzi ya kukunia nazi, masizi ukutani, kikaango kimerudi msumarini na buibui keshatanda kwenye vishimo viwili. Akapiga picha kila kitu, hata ule mguu mfupi wa kigoda. Dama anafuata nyuma anaomba afagie kwanza, Mwikali anapiga na ufagio.

Kisha akaketi nami kwenye jamvi, akaniwekea kamera mapajani. "Bibi, bonyeza hapa. Kila ukibonyeza picha inapita. Ukiiona kazi yako, simama hapo."

Nikabonyeza kwa kidole cha kulia, kile kile kilichokuwa mfu. Mtungi, ukapita. Ndoo, ikapita. Dama na ufagio, tukacheka wote, akapita. Kikaango.

Kidole kikasimama.

"Nataka..."

"Kiondolewe," akasema Dama. "Kinamkumbusha siku ile."

Mwikali akainua mkono. "Dada Dama, tumngoje. Kazi tukiijua, seredani tutaipandisha juu ya mawe na kiti tutatafuta kinachomfaa. Lakini aseme mwenyewe."

Muuza kahawa akapita kichochoroni akigonganisha vikombe vyake, akaishilia mbali. Dama alifumba mdomo kwa mkono, kabisa, kama mtu aliyezuia chafya. Mwanakuu alishusha sahani. Hakuna aliyenisaidia, na kwa mara ya kwanza tangu Idi nilikuwa na muda wa kumenya machungwa yangu yote.

"Nataka kukaanga vitumbua," nikasema. "Mwenyewe. Na Dama... asitie sukari."