Kompyuta Iliyovalishwa Boksi

Jumapili hiyo Modesti alitoka misa ya kwanza bila kungoja salamu za watu nje ya kanisa. Saa nne kamili mwanawe Vitus, aliyeko Mwanza, angeingia kwenye gemu la malori wanalocheza pamoja mtandaoni wakiongea, na wiki iliyopita alikuwa ametamka neno moja tu: "Baba, ukinikatia tena, mimi basi."

Mzee mzima, dereva wa malori miaka thelathini, na anaharakisha nyumbani kama mtoto aliyechelewa mtihani. Ndiyo, aliogopa. Gemu hilo ndiyo njia pekee waliyobaki nayo ya kuongea. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Vitus. Aliiacha Sumbawanga alipoondoka kwa hasira, baada ya kumuoa Rhoda, binti wa wafugaji wageni waliohamia Kaoze, kule bondeni, na ng'ombe wao, na baba yake kutokanyaga kwenye ndoa. Sasa kila maongezi yakiisogelea ndoa ile, kompyuta inazimika. Mara nne tayari.

Mara ya kwanza Modesti alimwambia mkewe, Bertila, kwamba mashine imepigwa na baridi. Bertila akaamini, maana nani asiyeijua baridi ya Ufipa? Akamkumbusha alivyokuwa akiziba rejeta ya lori kwa boksi asubuhi za baridi kule mpakani Kasesya ili injini ipate moto, akamletea boksi na solotepu. Modesti angekataaje? Akayaziba matundu yote ya kompyuta. Tangu hapo, wakicheza dakika ishirini tu, maongezi yakianza kuisogelea ndoa, giza.

Asubuhi hiyo alibadilisha waya, akahamia soketi nyingine, akajaribu tena. Wapi! Ikazimika vile vile. Ilipobaki nusu saa akampigia Felisian, fundi wa mjini, ambaye alimwamkia, akamsikiliza, kisha akauliza feni inapumulia wapi. Modesti akalitazama lile boksi na aibu ikampanda mpaka masikioni. Fundi akamweleza taratibu kwamba gemu huchemsha mashine hata kama watu wanaota moto, na ikichemka mno hujizima isiungue. Modesti alilibandua boksi kwa kisu.

Saa nne Vitus akaingia. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Modesti alikuwa akiisikiliza feni zaidi kuliko alivyoitazama barabara kwenye skrini. Ndipo sauti ya mwanawe ikamjia masikioni.

"Baba, kwa nini hukuja kwenye ndoa yangu?"

Modesti alilingoja giza, lakini feni iliendelea kuvuma. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuzimia. Hakuna mteremko uliowahi kumtia hofu kiasi kile. Akakiondoa kidole.

"Mwanangu, ile mara ya kwanza haikujizima. Niliizima mimi."

Lori la Vitus likapunguza mwendo, likasimama kando ya barabara.

"Nilijua," Vitus akasema. "Niambie na yaliyobaki."

Modesti akalisimamisha la kwake nyuma yake. Akaanza kwa kulitaja jina la Rhoda, ambalo kwa miaka miwili hakuwa amelitamka.