Maji ya Kwato

Mafuriko ya El Nino yalipopungua, katikati ya mwaka 1998, watafiti wa malaria walipiga kambi Garsen wakatangaza nafasi moja ya msaidizi wa nyanjani. Tulifika watatu. Tom wa Tarasaa alikuwa na cheti cha chuo. Mimi, Buya, mkulima wa Kulesa, nilikuwa nimejisomea kitabu kimoja cha wadudu mpaka jalada likatoka. Madina Hiribae, binti wa wafugaji wa Kiorma, aliishia darasa la nane. Alituambia wazi kwamba akiikosa kazi hii atarudi kukamua ng'ombe wa ami yake, na hilo hakulitaka.

Dokta Dado, mkuu wa kambi, alimpa kila mmoja wetu upawa mweupe wa kuchotea maji.

"Nileteeni viluwiluwi vya mbu wa malaria. Na mnieleze mmevitoa wapi."

Tom nami tulikwenda kwenye bwawa kubwa lililoachwa na mto uliofurika. Tulichota asubuhi nzima tukapata visamaki. Madina alipiga magoti kando ya njia ya mifugo, penye alama za kwato zilizojaa maji.

"Dada, umepoteza ng'ombe?" Tom akamtania.

"Nimeshampata. Alipita hapa Jumatano ya wiki jana. Na wewe umepata nini, kitoweo?"

Upawa wake ulikuwa na viluwiluwi vinane, vimelala sambamba na uso wa maji, jinsi vya malaria vinavyolala. Dokta akainama.

"Jumatano umeijuaje?"

"Daktari, tazama. Kingo zimeporomoka kidogo, lakini majani hayajaota ndani. Mvua ya Alhamisi ya wiki jana ilinyesha juu ya alama. Leo Ijumaa, maji haya yana siku nane. Nyumbani huwa tunahamisha ndama siku ya tisa au ya kumi baada ya mvua, mbu wasije wakawamaliza. Viluwiluwi hivi vikubwa vitakuwa mbu viruke kesho, au Jumapili."

Dokta hakumsifu. Aliifunika alama moja kwa kipande cha chandarua, akabana kingo kwa matope, akasema nafasi itasubiri mpaka Jumapili.

Jumamosi tulirudi, hakuna kitu. Tom akacheka. Madina akakaza mtandio wake.

Jumapili asubuhi, chini ya chandarua, mbu watatu walikuwa wametua, nyuma wameinua juu, jinsi mbu wa malaria wanavyotua. Dokta akampa Madina kalamu aweke sahihi kwenye mkataba wa kazi.

Nilikosa kazi, na sikuona kwamba nimeonewa. Mwaka uliofuata ilitokea nafasi nyingine nikaipata, msimamizi wangu akiwa Madina. Kwenye fomu zetu palikuwa na safu ambayo sikuikuta katika kitabu changu: umri wa alama ya kwato. Siku ya kwanza alinionyesha moja yenye maji.

"Buya, huyu alipita lini?"

Niliitazama. "Sijui."

"Andika hivyo hivyo. Halafu piga magoti, nikuonyeshe."