Mnada wa Spana za Lightness

Zawadi ya mjukuu wake Lightness, aliyekuwa anatimiza miaka saba Jumapili, Costancia aliichagua mwenyewe dukani Mikumi: kitabu cha picha cha binti fundi trekta, pamoja na spana za plastiki. Mumewe, Mzee Zabron, alileta jiko la kuchezea na visufuria vyake.

“Mtoto wa kike spana za nini? Utamwotesha ndevu!”

“Aote tu. Wewe unazo, zimekusaidia nini?”

Jumapili asubuhi kifurushi cha Costancia hakikuonekana. Alitafuta mpaka uvunguni, kisha akapiga magoti akamwomba Mungu amwonyeshe. Mungu alimwonyesha baada ya ibada, nje ya kanisa, pale vitu vilivyotolewa sadaka hunadiwa. Kifurushi kilikuwa kimejificha kati ya ndizi na mayai. Na mnadishaji wa kanisa ni nani? Zabron yuleyule. Alijua fika kwamba kilichotolewa kwa Bwana hakidaiwi.

“Kitabu na vikorokoro,” alinadi harakaharaka, macho pembeni. “Nani anachukua?”

Costancia akainuka. “Shikamoo mzee. Mali ya Bwana unainadi kama umefiwa? Hebu tusomee kilichomo.”

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali, basi Zabron akasoma, kwanza kwa kununa. Lakini alipofika pale trekta linapozimika katikati ya mto na binti anaingia majini na spana yake, alikuwa amekwishapanda juu ya benchi, anapunga mkono, amesahau kabisa anachokipinga. Alipofunga kitabu, mikono ilinyooshwa kila upande.

“Natoa jogoo!” Costancia akapaza sauti.

“Jogoo gani?” Zabron akauliza.

“Yule wako mwekundu.”

Zabron akashuka benchini.

“Mama, hapo umenimaliza,” jirani yao Samwel akashusha mkono. “Mnadi, piga nyundo!”

Zabron akaipiga, polepole sana.

Jioni, jiko la kuchezea lilikuwa limefunguliwa lote, nati zimesambaa mkekani. Lightness alikuwa katikati yake, spana mkononi.

“Jiko langu hilo!” Zabron akalalamika. “Litarudi lilivyokuwa kweli?”

“Babu, shika hapa kwanza. Usitikise.”

Zabron akachuchumaa, akashika. Costancia, aliyekuwa akiombea chakula, akafumbua jicho moja kuwatazama, kisha akairefusha sala ili wasikatizwe.