Mashine Isiyoimbiwa

Eda ya mumewe ilikuwa haijaisha, na Mwamina alikuwa ameketi chumbani kwake, Nachingwea mjini, aliposikia uani mwanaume akibishana na binti yake.

"Hajra, mashine hii siichukui," alisema Bashiri, mkulima wa Narung'ombe, kule Ruangwa. "Hujaiimbia."

"Imepona, mzee wangu. Si unasikia inavyonguruma?"

"Kunguruma hata chui ananguruma! Marehemu baba yako alikuwa asipoimba, hatuondoki."

Ni kweli. Kaimu, mume wa Mwamina, alikuwa fundi wa mashine za kupulizia salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Akishatengeneza, huvuta kamba, mashine ikawaka, naye huudaka ule mngurumo akaimba juu yake nyimbo alizotunga mwenyewe: za mkewe, za bintiye, hata za mama mkwe aliyemnyima paja la kuku. Mashine ikikwama kidogo, wimbo nao unapinda. Anazima, anafungua upya. Ndivyo alivyopima kazi yake. Wateja walicheka wakaondoka na wimbo mdomoni.

Lakini hili mlisikie, nyie wenye mafundi nyumbani: mtu haimbi huku kafunga kitambaa mdomoni. Mabaki ya salfa yalitimka kutoka tumboni mwa mashine, manjano tupu, na Kaimu kinywa wazi.

"Baba Hajra, jifunge kitambaa," Mwamina alimwambia kila msimu.

"Nikijifunga, nani atakusifia?"

Kikohozi kilianza kama mzaha, kikahamia kifuani, kikajenga. Mwishoni hata jina la mwanawe hakulimaliza, aliita "Haj..." pumzi ikakata. Wakamzika Likunja, kwa wazee wake. Watu wakasema siku zake zimefika. Mwamina habishi. Ila hazikuja zenyewe. Zililetwa na vumbi.

Uani kamba ikavutwa. Hajra akakohoa, kikohozi kimoja kifupi, kisha akaanza kuimba. Sauti ya baba yake, tupu.

Mwamina hakukumbuka eda wala mwanaume wa watu. Alitoka na kanga kichwani, akaizima mashine kwa mkono wake.

"Mama! Watu watasema!"

"Na waseme. Waseme nina mtoto hai."

Bashiri akageukia ukutani kwa heshima. "Shemeji, nisamehe. Nilitaka tu kumsikia tena."

"Hata mie namtaka, Bashiri. Kila nikiamka namtaka."

Akakipandisha kitambaa kilichokuwa shingoni mwa Hajra, kikafunika pua na mdomo, akakaza fundo, akalikaza tena. "Haya, washa."

Mashine ikanguruma. Hajra akajaribu, maneno yakagoma. Ukatoka mvumo tu, wa puani, mzito kama wa mtu anayembembeleza mtoto. Haukuwa wimbo wa Kaimu. Bashiri akasikiliza, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaibeba mashine yake mgongoni.

Mwamina alibaki pale uani, machozi yakimtiririka, akingojea kikohozi.

Hakikuja. Siku ile hakikuja.